Mawe ya Siku Tisa

Mama yangu hupima ukavu wa mihogo kwa chupa. Anavunja vipande vidogo vya mihogo iliyoanikwa, anavitia ndani ya chupa ya plastiki, anakaza kifuniko na kuiacha juani wakati anakunywa chai yake. Chupa ikitoa jasho kwa ndani, mihogo yote inarudi juu ya bati. Ikibaki kavu, mihogo inaenda sokoni. Wauzaji wenzake wa Kamalondo wanambishia mambo mengi, lakini chupa hawajawahi kuibishia.

Naanza na chupa kwa sababu wivu wangu ulizaliwa humo.

Mimi na Syntiche tulisoma pamoja kwenye chuo cha ufundi, benchi moja, miaka mitatu. Mimi niliandika, yeye alisema. Mwalimu akiuliza swali, jibu lilikuwa kwenye daftari langu na mdomo ulikuwa wake. Sikuona ubaya. Nikisimama mbele ya watu, sauti yangu inashuka mpaka tumboni na kukaa huko, na Syntiche alinisaidia kuificha aibu hiyo. Nilimpenda kwa hilo. Jumapili alitoka kwa mjomba wake kule Karavia akaja kula kwetu. Mama alimwekea kipande cha tumbo la samaki, mimi nikapata mkia. Nikimtazama mama, alisema mimi ni wa nyumbani, nitakula kesho. Kesho yake samaki hakuwepo.

Tulipomaliza masomo, Ingénieur Mwenze alituchukua wote wawili kwenye kiwanja chake, kando ya barabara ya kwenda Kipushi. Ni mtu mfupi, mtoto wa fundi wa reli, anayeeleza mashine yake kwa kila anayepita, hata muuza makaa. Maelezo yake nimeyasikia mara nyingi mpaka nayaota. Mchana paneli za jua zinatoa umeme mwingi kuliko unaohitajika. Umeme huo unachukua hewa, hii hii tunayovuta, unaikausha, unaibana na kuipoza mpaka inageuka maji: maji ya hewa, yenye rangi ya buluu hafifu, baridi kuliko baridi yoyote ambayo mtu wa Lubumbashi anaweza kuiwaza. Tunayafungia kwenye tangi lenye kuta nene, kama chai ndani ya termosi. Jioni, jua likizama na umeme wa mji ukikatika, tunayapasha joto. Yanarudi kuwa hewa, yanafura mara mia saba, na nguvu ya kufura kwake inazungusha mtambo. Taa zinawaka, na jenereta za mafuta ya mazuti za jirani zinabaki kimya.

Wafanyakazi waliiita Friji ya Mwenze. Walisema inakunywa jua na kukojoa barafu. Yeye hakukasirika.

"Shaba balishabeba," alikuwa akiwajibu. "Kobalti balishabeba. Sasa hewa, batapakia mu lori gani?"

Alisema pia kwamba moshi wa jenereta hizo, pamoja na moshi wa mitambo yote ya dunia, ndio unaovuruga mvua. Mama yangu hakuhitaji kuambiwa. Zamani alijua siku ya kuondoa mabati yake nje. Sasa anangoja mvua mpaka anachoka kungoja, halafu inakuja yote kwa alasiri moja na kuondoka na mihogo.

Kazi yangu ilikuwa mawe. Jioni, maji ya hewa yanapopashwa joto, baridi yake haipaswi kupotea. Inapulizwa ndani ya pipa kubwa la chuma lililojaa kokoto. Mawe yanaitunza baridi hiyo mpaka kesho mchana, nayo inasaidia kupoza hewa mpya. Bila mawe, mashine inakula umeme karibu mara mbili. Lakini lazima yawe makavu mpaka moyoni. Jiwe letu, lile jeusi la machimbo, lina vitundu vidogo vinavyoficha maji. Maji hayo yakikutana na baridi ile yanakuwa barafu, yanaziba nafasi kati ya mawe, na hewa inakosa njia. Pipa la kwanza liliziba hivyo mwezi wetu wa kwanza kazini. Feni inayopuliza hewa ndani ya pipa ilivunjika mabawa, nasi tukatumia wiki mbili kufungua na kufunga vyuma.

Ndipo nilipokumbuka chupa ya mama. Niliyaanika mawe juu ya mabati, na kila siku nikatia machache ndani ya chupa na kuiweka juani. Siku ya tatu mawe yalionekana makavu kama mfupa, lakini chupa ilitoa jasho. Siku ya sita pia. Nilimwonyesha Syntiche, akafurahi, akanipiga begani. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika ripoti ya wiki, basi akaandika kwamba mawe yanaanikwa juani na kupimwa kwa chupa. Ingénieur Mwenze aliisoma ripoti kwa sauti mbele ya wote, akacheka kwa furaha.

"Sikieni hii," alisema. "Chupa ya Syntiche."

Syntiche alicheka naye. "Papa Ingénieur, ile chupa ni ya shiye bote."

Kusema ni yetu sote hakukuwa uongo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama hapo karibu na mlango, na jina langu lina silabi chache tu, halingemchukua muda. Tangu siku hiyo kila mtu kiwanjani aliiita chupa ya Syntiche. Hata mama, nilipomhadithia, alisema tazama mtoto yule alivyo na akili, chupa yangu ameifikisha mpaka kwa Ingénieur.

Niliendelea kupima peke yangu. Siku ya tisa chupa ilibaki kavu, na nilipoirudia mara nyingine tatu, ilikuwa ni ile ile tisa. Siku tisa kamili za jua la kiangazi. Niliiandika kwenye daftari langu na sikumwambia mtu. Nikiulizwa kama mawe ni tayari, nilijibu ndiyo au bado, basi. Tisa ilikuwa yangu.

Mwezi wa tisa tukapata habari za wageni. Watatu walitoka Kinshasa na mmoja ng'ambo, nao walikuja kuamua kama mashine ya pili, kubwa zaidi, ijengwe Kipushi ili kuwasha wodi ya wazazi na pampu ya maji. Ingénieur Mwenze alituita ofisini akasema kwamba kule Kipushi atahitaji msimamizi, na kwamba atakuwa mmoja wetu. Hakutaja nani. Alisema tu kuwa Syntiche ndiye atakayewaeleza wageni, na mimi niandae pipa la pili la mawe, ili jioni hiyo mashine ifanye kazi kwa mapipa mawili kwa mara ya kwanza.

Niliitaka Kipushi kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilijiona na ufunguo wa lango shingoni. Nilijiona nikitia sahihi ripoti. Kisha nilimwona Syntiche kwenye picha ile ile, amevaa ufunguo wangu, na chakula kikanishinda.

Siku ya wageni nilifika mapema. Mawe ya pipa la pili yalikuwa yamemaliza siku zake tisa juu ya mabati. Yalikuwa makavu, lakini upepo wa kiangazi ulikuwa umeyapaka vumbi jekundu, kama kila kitu katika mji huu mwezi huo. Kwa pipa, vumbi hilo halina neno. Tunalipuliza kwa hewa kavu kabla ya kufunga.

Syntiche alikuja amevaa kitenge kipya kilichoshonwa Kamalondo, alama za chaki ya fundi bado zikionekana kwenye pindo. Aliangalia kiwanja akasikitika. Kwetu mgeni hapokewi na vumbi. Hata nyumba isiyo na mkate humwaga maji mlangoni tangu asubuhi, ili mgeni akute ardhi imetulia na inanukia vizuri. Basi akawaambia wafanyakazi wachukue mpira wa maji. Wakamwagia njia, wakamwagia mbele ya ofisi, wakaosha paneli. Kisha akafika kwenye mawe.

"Na hii?" alisema. "Tutafungua pipa, bageni bachungulie, baone vumbi tu? Osheni. Ni maji ya juu tu, jua ya leo iko kali, itakausha mbele bafike."

Nilikuwa nyuma ya tangi, hatua kama kumi kutoka pale, na daftari mkononi. Maji yaligonga mawe, mawe yakawa meusi na kung'aa. Nilifungua mdomo. Sauti ilishuka tumboni kama kawaida yake. Tofauti ni kwamba siku hiyo sikuiita ipande. Niliiacha huko, nikafunga daftari, nikaenda kupanga viti.

Mchana mawe yalikuwa ya moto na makavu kwa juu. Syntiche aliyashika, akanitafuta kwa macho.

"Huguette, mawe iko muzuri?"

Nilitabasamu. Watu wote wanaonijua wanajua kwamba tabasamu langu ni ndiyo. Aliinua kidole gumba, akawaambia wafanyakazi wapakie.

Kabla hawajamaliza, niliokota mawe saba, nikayatia kwenye chupa, nikaiweka juani nyuma ya stoo. Sijui kwa nini nilipima jambo nililokwisha kulijua. Nilikuwa sijahesabu hata mia mbili, ukungu ukaanza ndani ya plastiki, halafu matone. Niliifunga kwenye leso, nikaitia kwenye mfuko wangu. Mawazo yangu yalikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia. Pipa litaziba jioni. Wageni wataona. Watauliza nani aliosha mawe, na hakuna atakayeuliza nani alinyamaza, kwa sababu mimi hunyamaza kila siku.

Wageni walifika jua likianza kupungua ukali. Mama alikuwa ameombwa kupika, akaja na masufuria yake: ugali wa bukari, mboga ya sombe na samaki. Syntiche alisimama mbele ya tangi na kusema kwa nusu saa bila karatasi, Kifaransa kwa wageni, Kiswahili kwa wafanyakazi, na alichekesha kwa lugha zote mbili. Alieleza hewa, alieleza mawe, alionyesha chupa nyingine, tupu. Kisha alininyooshea mkono pale nilipokaa.

"Na ule pale ni Huguette," alisema. "Ule njo mikono yetu."

Wakapiga makofi. Mikono. Mimi niliyemwandikia kila jibu miaka mitatu, nilikuwa mikono. Mama, aliyesimama nyuma yangu na mwiko, aliinama sikioni pangu.

"Ona mwenzako," alinong'ona. "Weye utafunga kinywa mpaka lini?"

Nilibana mfuko kwa mapaja. Chupa ilikuwa bado na joto.

Umeme wa mji ulikatika wakati ule ule wa siku zote, na jenereta za jirani zikaanza kukohoa moja baada ya nyingine. Ingénieur Mwenze alisimama kwenye vipimo, akasema wakati umefika wa kufungua njia ya kwenda kwenye mapipa. Syntiche alishika gurudumu la vali ya pipa la pili, halafu akasita, akaniita mbele ya watu wote. Alisema mawe ni kazi yangu, basi nifungue mimi.

Nilikwenda kwa sababu sikuwa na namna ya kukataa. Niliweka mikono juu ya gurudumu. Syntiche aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, kama alivyokuwa akifanya chuoni dakika za mwisho kabla ya mtihani, siku zote nilipodhani kwamba ananituliza mimi. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Alikuwa akiwatazama wageni na kutabasamu kwa meno yote, na jasho la kiganja chake lilikuwa likishuka kati ya vidole vyangu. Miaka yote hiyo sikujua kwamba naye huogopa. Nilidhani mdomo ule unafunguka wenyewe.

Nilifikiria feni. Nilifikiria wodi ya Kipushi, gizani. Lakini nisijipambe, nilichofikiria zaidi ni kile kiganja.

"Tusifungue," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Ingénieur Mwenze aligeuka. Nilitoa chupa kwenye mfuko, nikaifungua kutoka kwenye leso na kumpa. Aliiinua kwenye mwanga wa mwisho wa jua. Matone yalikuwa yakiteremka kwa ndani. Aliondoa mikono yetu kwenye gurudumu, polepole, akaamuru pipa la pili libaki limefungwa na mashine ifanye kazi na la kwanza tu.

Ilifanya kazi. Mtambo ulilia, ukapata mwendo, taa za kiwanja zikawaka, na kuta za mabomba zikavaa barafu nyeupe ambayo wageni waliigusa kwa vidole kama watoto. Lakini baridi iliyozidi, iliyopaswa kuingia pipa la pili, ilitoka nje kama wingu zito na kutambaa miguuni petu, ikapotea. Mgeni wa ng'ambo aliuliza kwa nini pipa moja halitumiki.

Syntiche alijibu kabla ya Ingénieur. "Ni kosa yangu. Niliosha mawe asubui, nikafikiri yamekauka."

Alisema hivyo kwa Kiswahili, mbele ya wafanyakazi, kisha akarudia kwa Kifaransa. Mgeni aliandika kitu. Nyuma yangu nilisikia mmoja wa wafanyakazi akimwambia mwenzake kwamba Huguette ametunza chupa yake mpaka wageni wafike ili amwaibishe mwenzake, kumbe wivu unaweza kukaa kimya hivyo. Sikugeuka. Alikosea kidogo tu.

Wageni walipokwenda kula, Syntiche alinifuata nyuma ya tangi.

"Ulikuwa naona tangu asubui?"

"Ndiyo."

"Nilikuuliza, ukanichekea."

"Ndiyo."

Alijifuta kiganja kwenye kitenge kipya, upande mmoja, upande mwingine. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Bote banasema uko na haya," alisema. "Kumbe."

Akaondoka. Sijawahi kusikia neno kumbe likiishia hapo.

Kesho yake Ingénieur Mwenze aliniita peke yangu. Ningeweza kukaa kimya tena. Alikuwa tayari kunishukuru. Nilimwambia kila kitu, mpira wa maji, tabasamu, mawe saba, na hesabu ya tisa niliyoificha kwenye daftari. Alisikiliza akizungusha kalamu yake. Alipoanza kusema hakupandisha sauti.

"Mutu hajui, nitamufundisha," alisema. "Ule anajua na ananyamaza, nitajilinda naye namna gani?"

Wageni walikubali mashine ya Kipushi. Walisema wamependa namna kosa lilivyokubaliwa wazi. Syntiche alipewa usimamizi, na mimi nikabaki na mabati yangu. Nilipoyasikia hayo nilisema ni haki, na nililia kwenye stoo mpaka nikalowesha leso ile ile iliyofunga chupa.

Jumapili ya pili baada ya hapo alikuja Kamalondo. Sikumtarajia. Mama alimpokea kwa kelele kama siku zote, akaenda jikoni. Syntiche alikaa mbele yangu, akatoa kwenye mfuko wake chupa nne tupu, akazipanga mezani kwa mstari.

"Naenda Kipushi kesho, siku ya kazi," alisema. "Nilikuya kuuliza. Siku ngapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ingénieur alikuwa ameniachia niseme mimi.

Nilimwona na ufunguo shingoni. Ulikuwa pale kweli, kwenye uzi mwekundu, juu ya blauzi yake. Na neno lilipanda kooni lenyewe, jepesi, bila kutetemeka, kama maneno yanavyowapandia watu wengine. Saba. Saba ingeonekana kweli. Chupa zake zingemwambia bado, lakini Syntiche ni mtu wa haraka, na angeniamini mimi kuliko chupa.

"Tisa," nilisema.

"Ya kiangazi?"

"Ya kiangazi. Mvua ikianza, usianike nje. Hata ukiona jua."

Alifungua daftari jipya. Nilikuwa sijawahi kumwona akiandika kitu nilichosema mimi. Aliandika tisa kubwa, akaizungushia duara, akaandika na jina langu pembeni, kwa mwandiko mbaya. Hakunishukuru. Hakunitazama pia.

Mama akaleta samaki. Nilijua ni sahani gani itapata tumbo, na nilitazama hata hivyo.